Mgongo Wangu Kwenye Maji Moto

Mtu yeyote aliyekulia Makanyagio miaka ya tisini, ukimwuliza utoto wake ulikuwaje, ataanza na vumbi. Vumbi jekundu la Mpanda liliingia masikioni, likaingia kwenye pindo la sketi ya shule, likaingia kwenye maandazi na kwenye uji, na sisi tulilila bila malalamiko. Treni ikipiga honi tulikimbilia stesheni kama vile imetuletea mgeni wetu. Mara nyingi haikuwa imetuletea mtu, lakini tulirudi nyumbani tumeridhika, tunasimuliana nani kashuka, kabeba nini, na nani kamwibukia mkewe bila taarifa.

Asubuhi tuliamka gizani kuwahi namba shuleni. Mkono mmoja kidumu cha maji, mwingine ufagio, na zamu yako ya bustani ikifika unaongeza na samadi kichwani. Mtoto wa leo ukimwambia abebe kidumu cha maji kwenda shule atakuuliza kama shule haijalipa bili. Sisi hatukuuliza. Tulikimbia mchakamchaka tumbo tupu, miguu pekupeku, tukiimba kwa sauti mpaka mbwa wa mtaa mzima wakatuitikia. Mchana tulirudi kwenye ugali wa muhogo na migebuka ya kukausha iliyotoka ziwani, ile ambayo harufu yake inatangulia kufika nyumbani kabla ya aliyeinunua. Betri za redio zilianikwa juani zipate nguvu za kumalizia taarifa ya habari ya jioni. Na jua likishapoa, hapo ndipo maisha yalipoanza: kombolela, mdako, kuruka kamba, na mfalme wa michezo yote, rede.

Kwa wasioijua rede, maana siku hizi naona watoto wanaijua mipira ya kwenye simu tu: wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi iliyojazwa matambara, mmoja anakaa katikati na chupa. Wale wanamlenga kwa mpira, yeye anakwepa huku anaijaza chupa mchanga. Ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Mimi nilikuwa kiboko ya rede. Nilikuwa na kiuno cha mjusi, wasichana wakubwa walinigombania niwe upande wao, na nilikuwa na majivuno ya kutosha watu watatu.

Rede ndiyo iliyoniunguza. Jioni moja nilikuwa narudi nyuma kinyumenyume kukwepa mpira, macho yangu kwa mrushaji, na nyuma yangu mama alikuwa amebandika maji ya ugali kwenye mafiga pembeni ya uwanja. Nilianguka chali juu ya moto. Sitaki kuieleza zaidi ya hapo. Nilikaa hospitali nimelala kifudifudi muda mrefu, na nilipotoka, mgongo wangu kuanzia mabegani mpaka kiunoni ulikuwa wa mtu mwingine. Ngozi ilikuwa imejikunja mahali pengine, imetanuka mahali pengine, mabaka meusi na mabaka mekundu.

Watoto hawana huruma, na waliosema wana huruma hawakusoma na mimi. Siku kifungo cha gauni langu la shule kilipokatika, kijana mmoja wa dawati la nyuma akaona, akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua dawa: "Chapati." Basi. Kuanzia siku hiyo jina langu, Veronika, lilibaki kwenye rejista ya mwalimu tu. Uwanjani nilikuwa Chapati, kisimani Chapati, hata kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto mtu alininong'oneza Chapati katikati ya wimbo.

Nikaamua. Nilikuwa mtoto wa maamuzi. Bibi yangu alisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Niliamua hakuna jicho la binadamu litakaloona mgongo wangu tena. Nilivaa sweta jua la Oktoba, lile la Mpanda ambalo kuku wanatembea wamefumbua midomo. Kuoga nilioga peke yangu kwenye bafu letu la matete, kanga nimeitundika mlangoni na nyingine nimejifunga mwilini, najimwagia maji kwa juu juu na kutoka. Mama alikuwa akinipaka mafuta mgongoni baada ya kutoka hospitali, nilimkataza. Alibembeleza, alifoka, akatishia kunishtaki kwa baba, mwisho akachoka. Rede niliacha. Huwezi kukwepa mpira huku unashika sweta lisipande.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa likizo ya Desemba niliyopelekwa kwa Bibi, mama yake mama, kwenye kijiji cha vilimani upande wa kuelekea Kapalamsenga, ziwani. Bibi alikuwa Mbende wa asili, mwembamba, mrefu, mwenye hatua za kumchosha punda. Magoti yalikuwa yanamsumbua lakini hakuyaruhusu yajulikane mbele za watu. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike, na kila asubuhi alinishtaki kwa babu aliyekwisha kufariki: "Ona, mke wako mdogo bado amelala, na mimi mkubwa nimeshachota maji." Nyumbani pale alikuwapo pia Mama Mdogo, mdogo wake mama, ambaye alikuwa bado hajaolewa na alicheka kwa kila kitu. Na jirani alikuwapo Kabula.

Kabula alikuwa binti wa Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini na kujenga ng'ambo ya mto. Alikuwa wa umri wangu, ana mabega ya mvulana, na alikuwa mtu wa kwanza baada ya muda mrefu ambaye hakuwahi kusikia neno Chapati likiambatana na mimi. Hilo peke yake lilinitosha kumpenda. Nilimficha mgongo wangu kuliko nilivyowaficha wengine wote. Alipouliza kwa nini sivui sweta, nilimwambia nina pumu. Akaniamini, na akawa ananibebea kuni zangu kwa sababu ya hiyo pumu.

Mvua za kwanza zikinyesha, wanawake wa kule wanaingia porini kutafuta uyoga. Hii ilikuwa sikukuu kuliko Krismasi. Tulitoka alfajiri sisi wanne, Bibi mbele na kikapu chake, Mama Mdogo nyuma ili asipotee mtu, mimi na Kabula katikati. Tulipanda mlima ule ambao ukiwa chini unadhani ni mmoja, ukifika juu unakuta ulikuwa unapanda mtoto, mama yuko mbele. Msitu ulikuwa umeoshwa. Majani ya miti yalikuwa machanga, mekundu, na chini yake uyoga wa njano umetokeza vichwa kwenye majani makavu, mwingi mpaka unajiuliza uanzie wapi. Bibi alikuwa na sheria moja: usilolijua usiliguse. Ukimletea uyoga asioupenda hakukugombeza. Aliutupa mbali, akafuta mikono kwenye kanga, kisha akakuangalia mpaka wewe mwenyewe ukajigombeza.

Tulipofika juu kabisa vikapu vilikuwa vimejaa. Hapo mvua ikatukuta. Si mvua ya manyunyu, ni ile ya vilima vya Katavi inayokuja na upepo wake na baridi yake. Tulijibanza chini ya jiwe lakini haikusaidia. Ilipokatika tulikuwa tumelowa mpaka kwenye mifupa, tope magotini, tope viwikoni, meno yanagongana. Sweta langu lilikuwa limenywa maji yote ya mlima na lilinivuta chini kama mtoto mgongoni. Bibi alikuwa amesimama amejishika goti moja, na kwa mara ya kwanza nilimwona hafichi.

Tukaanza kushuka. Njia ilipogawanyika, upande wa kushoto kwenda nyumbani, upande wa kulia chini bondeni, tuliona moshi mweupe unapanda katikati ya miti. Haukuwa moshi wa moto. Yalikuwa maji moto.

Mama Mdogo alipiga makofi. Kabula akafumba macho akavuta pumzi, ingawa kutoka pale kilichosikika ni harufu ya yai viza tu. Mimi nilirudi hatua moja nyuma, kwa sababu habari za maji yale nilikwisha kuzisikia, na habari hizo zilikuwa na sheria.

Maji moto yale yalikuwa ya watu wote. Hayakuwa na mlango wala mlinzi. Mchana ni ya wanawake, jioni ng'ombe wakisharudi ni ya wanaume. Anayekuja anasimama mbali kwenye kichaka na kuuliza, "Nani majini?" Walioko wanajibu wao ni akina nani, ndipo anasogea au anarudi. Pale yanapochemka kwenye mwamba watu walichemshia mayai na viazi. Chini kidogo, yanapokutana na kijito cha baridi, ndipo penye dimbwi la kuogea. Na majini hakuna mtu anayejisugua mgongo mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, walisema. Anayeingia nyuma yako ndiye anayekusugua, awe nani, awe wa wapi, mnafahamiana au hamfahamiani. Wewe unakuwa umemsugua aliyekutangulia. Mgongo unakuwa wazi, kanga kifuani, na mtu anausugua kwa dodoki au gunzi la mahindi mpaka aridhike yeye, si wewe. Ukikataa, watu hawakulazimishi. Wanakuacha tu, na wakienda zao wanasema ulikuja kuyachafua maji.

"Mimi naenda majini," Bibi akasema. "Magoti haya yamekataa kufika nyumbani bila maji. Nani ananifuata?"

Mama Mdogo alikuwa ameshatangulia hatua tatu. Kabula alikuwa anaangalia ule moshi kama mtu anayeangalia harusi ya dada yake.

"Mimi naenda nyumbani," nikasema.

Bibi hakushangaa. Alijua mgongo wangu. Mama alikwisha kumwambia. "Nyumbani sawa," akasema. "Lakini peke yako hupiti msitu huu. Jana nyati wameonekana pale korongoni. Kama unaenda, mtu akusindikize."

Mama Mdogo akasimama. Kisha Kabula, ambaye midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, akavuta kikapu chake begani.

"Basi twende," akaniambia. "Una pumu yako, na baridi hii utaugua."

Nimewahi kufanyiwa mambo mengi mazuri na watu, lakini sijui kama kuna lililoniumiza kama hilo. Yule mtoto alikuwa anatetemeka mpaka uyoga unaruka kikapuni, na alikuwa radhi ayaache maji ya moto kwa ajili ya ugonjwa ambao sina. Nilisimama pale njia panda nikiwa na hasira. Hasira na yeye kwa wema wake, hasira na Bibi kwa kutonilazimisha, maana angenilazimisha ningepata wa kumlaumu. Nyie wa rika langu mnajua wazazi wetu hawakuwa na desturi ya kumwuliza mtoto anataka nini. Siku ile Bibi aliniuliza, na akakaa kusubiri jibu huku anakanda goti.

Akili ya mtoto mkaidi haikosi mlango. Nikapiga hesabu yangu ya haraka. Anayeingia nyuma ndiye anayesugua. Basi nikiingia wa mwisho kabisa, nitamsugua aliyetangulia, na mimi hakuna atakayenisugua. Nitakaa mgongo nimeubandika kwenye mwamba mpaka wote watoke. Sheria nitakuwa nimeifuata na siri nitakuwa nayo. Nilijiona nina akili kuliko wote waliowahi kuishi bonde lile.

"Twende wote majini," nikasema. "Lakini mimi naingia wa mwisho."

Bibi akaniangalia. Alinielewa papo hapo, naapa, kwa sababu pembe moja ya mdomo wake ilicheza. "Haya, mke mwenzangu," akasema, "wa mwisho utakuwa wewe."

Bondeni hapakuwa na mtu. Bibi aliuliza "Nani majini?" kwa desturi tu, akajibiwa na vyura. Tulifua tope la nguo kwenye kijito, tukazitandaza juu ya mwamba wa moto zikauke. Bibi akaingia kwanza, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, sauti ya mtoto mchanga aliyepata ziwa. Mama Mdogo akafuata, akamsugua Bibi. Kabula akafuata, akamsugua Mama Mdogo, ambaye alicheka muda wote kwa sababu ana mtekenyo. Mimi nilivua sweta nyuma ya kichaka, nikajifunga kanga ya Bibi hadi shingoni, nikaingia kiubavu ubavu kama kaa.

Jamani, yale maji. Nikiyakumbuka mpaka leo miguu inapata joto. Mwanzoni yalinichoma vidole, kisha yakakubali, kisha yakapanda magotini na kiunoni, na baridi yote ya mlima ikawa inatoka mwilini mwangu kidogo kidogo. Nilimsugua Kabula mgongo. Alikuwa na mgongo mpana, laini, usio na alama hata moja, na nilimsugua vizuri huku namwonea wivu. Nilipomaliza nikateleza kinyumenyume mpaka kwenye mwamba, nikaubandika mgongo wangu. Nilikuwa nimeshinda. Chupa yangu ilikuwa imejaa mchanga na mpira haujanigusa.

Ndipo tukasikia kichakani sauti nzito ya kike.

"Nani majini?"

Bibi aliniangalia mimi. Mama Mdogo aliacha kucheka. Kisha Bibi, kwa sababu desturi ni desturi, akajibu: "Wanawake. Karibu."

Akatokea mama mmoja mnene, jembe begani, tope mpaka mapajani, anatoka kupalilia karanga zake. Hakuwa mtu wa kijiji chetu. Alisalimia kila mmoja kwa heshima yake, akaegemeza jembe kwenye mti, akafunga kanga vizuri, akaingia majini huku anaguna kwa raha. Akaokota dodoki pale mwambani.

"Wa mwisho nani?" akauliza.

Kabula alikuwa karibu yangu. Alikuwa ameniona nilivyojibana kwenye mwamba, na sijui alielewa nini, lakini aliona hofu. Akainua mkono nje ya maji. "Ni mi—" akaanza.

Angesuguliwa mara mbili kwa ajili yangu, na kabla ya hapo alikuwa tayari kurudi na baridi kwa ajili yangu, na kabla ya hapo alinibebea kuni. Nikaona nikimwacha amalizie neno lile, nitaendelea kubebwa na mtu huyu maisha yangu yote bila kuumwa kitu. Mtoto niliyezaliwa nimekunja ngumi nikakataa.

"Ni mimi," nikasema.

Nikatoka mwambani. Nikageuka. Nikaishusha kanga mpaka kifuani, nikakaza macho kwenye nguo zetu zilizokuwa zinafuka mvuke juani, na meno nimeyauma. Nilisikia Kabula akivuta pumzi nyuma yangu. Nikajua ameona. Mkono wa yule mama ukaweka dodoki begani kwangu, ukashuka mara moja, ukapanda, kisha ukasimama.

Ule mkono uliposimama ndipo nilipokufa. Nilisubiri neno. Nilikuwa nalijua, nililisikia kila siku.

"Huyu mtoto wa nani?" yule mama akauliza.

"Wangu," Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshika rungu.

"Sasa mama yangu," akasema yule mama, "mnamwachaje mtoto ana nongo namna hii? Makovu nayaona, pole yake, yamepona vizuri. Lakini hizi nongo! Hapa ningepanda karanga zangu zote, zikaota, na za mbegu zingebaki."

Kisha Mama Mdogo akapasuka. Alicheka akaenda chini ya maji, akaibuka anacheka. Bibi naye akaanza, akijitetea kwamba mtoto ni mgeni, ametoka mjini, na watu wa mjini ndivyo walivyo. Na mimi, ambaye nilikuwa nimejiandaa kwa Chapati, sikuwa nimejiandaa kwa nongo. Ilikuwa kweli tupu. Tangu nimkataze mama, hakuna mkono uliogusa mgongo wangu. Muda wote ule nilikuwa naficha makovu, kumbe nafuga uchafu.

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kilitangulia kipi. Yule mama hakujali. Alisugua. Alisugua kwa nguvu mahali penye ngozi nzima na kwa upole mahali palipojikunja, na kila mara aliuliza, "Hapa je, panauma?" nami nikasema hapana, na akaendelea. Makovu yale yalikuwa yananiwasha usiku na mchana, nikidhani ndiyo tabia yake. Alipomaliza hayakuwasha. Alinipiga kofi dogo begani, kama mtu anayemaliza kuosha sufuria, akageuka kuzungumza na Bibi habari za bei ya karanga.

Kabula alikuja akakaa kando yangu.

"Kwa hiyo huna pumu," akasema.

"Sina."

"Kuni zako utabeba mwenyewe basi."

Hadi leo sijui jina la yule mama. Tulimwacha majini akisubiri wa nyuma yake, tukapanda kurudi nyumbani na uyoga wetu, na usiku Bibi akaupika na karanga. Sweta lilibaki bondeni kwenye kichaka. Bibi aliliona, nami nililiona, hakuna aliyelirudia.

Shule zilipofunguliwa Mpanda nilikwenda bila sweta. Yule kijana wa dawati la nyuma hakuchelewa. "Chapati," akasema. Nikamjibu kwamba mimi chapati angalau nimeoga, yeye je. Darasa lilimcheka mpaka mwalimu akaja na fimbo, tukachapwa wote wawili, na nilichapwa kwa furaha. Sitasema jina lile lilikoma siku hiyo. Lilikuja na kwenda, na mimi nikaenda zangu uwanjani. Jioni ile ile nilicheza rede. Mama alihamisha mafiga.

Sasa nina nyumba yangu Kawajense, Mpanda hapa hapa. Bafu lina vigae mpaka juu, maji yanatoka ya moto na ya baridi, na mlango una komeo. Tuna kila kitu cha kujisafishia, hata brashi yenye mpini mrefu kabisa, ya kujisugua mgongo mwenyewe. Nilipoiona dukani mara ya kwanza nilicheka, muuzaji akadhani namcheka yeye. Binti yangu Doreen anaingia bafuni na simu, anatoka baada ya saa nzima ananukia maua, na ukigonga mlango anasema, "Mama, privasi." Neno hilo sisi hatukuwa nalo, na sijui tungelitundika wapi kwenye bafu la matete.

Mwaka jana likizo ya Desemba niliamua kumpeleka kule. Tulipanda mlima, tukashuka, ana viatu vya kupandia milima vya gharama kuliko vikapu vyote alivyowahi kusuka Bibi, Mungu amlaze pema. Pale njia panda nikamwuliza kama anataka tupite majini. Akasema hapana, tutaoga nyumbani. Sikumlazimisha. Nilimwambia mimi naenda, akanifuata kwa kuburuza miguu, akakaa juu ya mwamba na simu yake akitafuta mtandao.

Nilisimama kichakani nikauliza, "Nani majini?" Vijana waliokuwa pale waligeuka kunishangaa. Wavulana na wasichana walikuwa pamoja, miwani ya jua, muziki, wanapiga picha za kuoga na kuoga kwenyewe hawaogi. Walinipisha kwa adabu, sina la kuwalaumu. Nikaingia, nikafunga kanga kifuani, nikageuza mgongo kuelekea njia ili anayekuja aukute tayari. Nikasubiri. Walikuja wengine, wakaingia, wakasogea upande wa pili ili wasiharibu picha. Kila mtu alikuwa na dodoki lake la plastiki, na kila mtu alijisugua alipofika mkono.

Nilikuwa karibu kutoka Doreen alipokuja nyuma yangu kuomba maji ya kunywa. Nikasikia hatua zake zinasimama.

"Mama," akasema. "Mgongoni ulifanya nini?"

Ana miaka kumi na minne. Tumelala nyumba moja tangu nimzae, nilimbeba kwenye mgongo huo huo mpaka akajua kutembea, na siku ile ndipo alipouona.